Fahali Wawili Chini ya Kaunta

Ukitaka kumtambua mwenye stesheneri hapa Runzewe, subiri umeme ukatike. Muuza vinywaji atalalamika, kinyozi atamwomba radhi mteja aliyenyolewa nusu, na mwenye stesheneri atapiga magoti chini ya kaunta. Huko ndiko inakokaa UPS, kasanduku keusi kanakolia pii, pii, pii. Kazi yake ni kuishikilia kompyuta kwa betri yake ya volti 12, dakika chache tu, ili mwenye duka awahi nje kuvuta kamba ya jenereta. Basi: UPS ishike, jenereta ipokee, mteja aondoke na karatasi zake.

Lakini fahali wawili hawakai zizi moja. Mwaka 2012 tulitolewa Mkoa wa Shinyanga tukaingizwa Mkoa mpya wa Geita bila mtu kuhamisha hata kitanda. Laiti UPS yangu nayo ingehama kutoka umeme wa nguzo kwenda wa jenereta kwa utulivu ule!

Siku moja nilikuwa na mzee mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia madini, amekuja kuchapiwa mkataba. Mikataba ya maduara haitaki mzaha: mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara lake, wachimbaji lao, na kipengele cha mgawo wa viroba vya mawe kikikosewa, mchapaji ndiye anayetafutwa kwanza. Tulikuwa hapo hapo kwenye viroba umeme ulipokatika.

“Usiwe na wasiwasi, mzee wangu. UPS ipo, jenereta ipo.”

Nikatoka, nikavuta kamba. Jenereta ikanguruma mpaka madereva wa malori ya Rwanda na Burundi wakageuza shingo. Taa zikawaka, feni ikazunguka. UPS ikaendelea: pii, pii, pii. Nikachomoa, nikachomeka. Ikanyamaza. Nikawasha mashine ya kopi ianze kupata moto, jenereta ikaguna, UPS ikapiga yowe upya. Mwisho betri ikaisha na kompyuta ikazimika, huku nje petroli inaendelea kuungua.

Mzee akasikiliza ule mngurumo, akatazama kioo cheusi. “Kumbe hiyo ya nje ni ya muziki tu, kijana?”

Ikabidi aitwe fundi, yule anayetengeneza mota za makarasha ya kusagia mawe. Hakugusa kitu, alitega sikio tu.

“Bosi, hii inatakiwa izunguke mara 3000 kwa dakika ndipo itoe hezi 50. Isipokuwa na mzigo, inakimbia kupita hapo. Ukiitwisha mashine ya kopi ghafla, inajikwaa, halafu inakimbia tena. Taa haijali, feni haijali. UPS ina masharti: ikiona hezi zinapanda na kushuka, inasema huu si umeme, inarudi kwenye betri yake. Na hapo betri haichajiwi, inanyonywa.”

“Dawa yake?”

Akasema zipo UPS za bei mbaya zinazoupokea umeme wowote na kuutengeneza upya muda wote. Alipoona uso wangu, akashuka bei. “Basi ipe jenereta mzigo wa kudumu.”

Yaani ili nichape karatasi, kwanza nichome umeme mwingine bure! Nikachomeka pasi. Kweli, mngurumo ukawa wa sauti moja, UPS ikanyamaza, tukarudi kwenye viroba. Ila pasi ikishapata moto hujikata yenyewe. Ikajikata, jenereta ikaruka, pii! Ikawa lazima pasi isipewe nafasi ya kupumzika, na nguo mbichi ndiyo inayoishughulisha sawasawa. Kijana wa bodaboda akaleta suruali iliyonyeshewa. Mzee akavua koti. Tulipofika kwenye saini, koti lilikuwa limenyooka kuliko mkataba.

Fundi aliporudi alicheka, kisha akanituma duka la dawa za mifugo nikanunue balbu za waya za wati 100, zile za kulelea vifaranga. Hizo hazijikati. Tukazipanga kwenye boksi la bati chini ya meza, mashine ya kopi tukaitoa kwenye UPS na kuichomeka pembeni, na amani ikapatikana.

Haikukaa. Mama jirani alichungulia, akaona mwanga, akanyoosha kiganja. “Mwanangu, joto lote hili linapotea hivihivi?” Jioni boksi lilikuwa na wapangaji. Sasa umeme ukikatika UPS iko kimya, vifaranga ndio wanaolia, na wateja wageni huniuliza kama betri inakwisha.

Mzee wa duara amerudi kwa mkataba mwingine. Amekuja na shati la kupigwa pasi, na anataka kipengele cha vifaranga: mafuta ni yangu, kuku ni wa mama, yeye ndiye shahidi, kwa hiyo fungu lake ni jogoo. Mama amekubali. Sharti lake ni moja tu: umeme ukirudi, nisiwe na haraka ya kuzima jenereta.