Mheshimiwa, Mashine Zimetangulia Mchoro

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

YAH: KUOMBA RADHI KWA KUANZISHA VIWANDA KABLA YA KUPIMIWA ENEO

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Sisi wasaga muhogo, wakoboa mahindi, maseremala na wachomeleaji wa Kasulu na Kibondo tunakiri kufanya shughuli za viwanda ndani ya viwanja vya makazi. Tulishikwa na njaa kabla mchoro haujaidhinishwa.

Utii wetu hauna shaka. Mwaka 1972, Operesheni Kigoma ilipowataka wazee wetu wahame milimani na mabondeni wakapangwe mistari kando ya barabara, walibeba mikeka na kuku wakaenda. Ikaja Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu ikapanuliwa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati. Serikali ilituleta barabarani, kisha barabara ikatufuata sebuleni.

Mwaka huohuo tukapata Sheria ya Mipango Miji: usiendeleze ardhi bila kibali, usikate kiwanja vipande bila idhini, usigeuze makazi kuwa biashara kabla ya kuruhusiwa kubadili matumizi. Hatuna ugomvi nayo. Nani anapenda kumlaza mtoto nyuma ya ukuta wa mashine ya kukoboa, au kuanika nguo kwenye vumbi la pumba? Tungehama kesho. Shida ni pa kuhamia. Rangi ya zambarau kwenye mchoro wa mji ni ya viwanda, na mara nyingi eneo hilo hukatwa kwa kipimo cha mwekezaji ambaye bado hajafika. Kiwanja kimoja humo kingemeza mashine zote za mtaa, na gharama zake zingewameza wenye mashine.

Mwaka 2017, kila mkoa ulipoagizwa kujenga viwanda 100, tulichangamka. Waziri wa Viwanda wa wakati ule, Charles Mwijage, alikuwa ametueleza kwamba hata mwenye vyerehani vinne ana kiwanda. Tukajihesabia. Fundi huyohuyo akiomba kiwanja, anageuka kuwa kero ya mtaa. Kwenye takwimu sisi ni viwanda. Kwenye mchoro sisi ni kelele.

Kuhusu masafa, tunashukuru. Zamani jalada la ardhi la Kibondo lilikwenda ofisi ya kanda, Tabora. Tangu 2020 ofisi ya ardhi ya mkoa iko Kigoma mjini, kilomita zaidi ya 200 tu kutoka Kibondo. Nauli iliyobaki tunainunulia dizeli.

Hata dizeli yenyewe inaelekea kuisha kazi. Umeme wa gridi ya taifa ulifika mwaka 2022, lami nayo ikazidi kusogea katika barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, na hapo maovu yetu yakaongezeka. Wenye mashine wakafunga mota za umeme. Wenye mashamba kando ya lami wakayakata vipande vya fremu, muuzaji na mnunuzi wakaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Njia ya lori haikuachwa, choo cha umma hakikukumbukwa. Mji umejipima wenyewe huku mpimaji akisubiri bajeti, na miaka michache ijayo mtatuletea urasimishaji muutengeneze upya kwa gharama mara mbili.

Kwa unyenyekevu tunaomba yafuatayo:

Kwanza, katika kila eneo la viwanda, sehemu ikatwe viwanja vidogo vya mashine, useremala, gereji na kuchomelea, vyenye njia ya lori, maji na umeme wa kusukuma mota.

Pili, gharama zilipwe kidogokidogo, kadiri mashine inavyosaga.

Tatu, rangi nyekundu ya kuandikia X kwenye kuta zetu ibaki kwenye kopo hadi pa kuhamia papatikane.

Ekari za mwekezaji hatuzigusi. Abaki nazo, asubiriwe kwa heshima zote. Ila siku akifika, lori lake litapasuka springi na geti lake litahitaji kuchomelewa. Atauliza mafundi wako wapi. Tungependa muwe na anwani ya kumpa.

Wako mtiifu,
Mwenye mashine, kiwanja kisicho na namba,
Nyanda za juu za Kigoma.