Mashine Iliyomwamkia Mama

Mama alinunua godoro moja kwa fedha taslimu. Kabla ya kumpa risiti, kijana wa kaunta akamwomba namba ya simu, na Mama akaitaja tarakimu kwa tarakimu mbele ya wateja wote waliokuwa kwenye foleni. Hakuambiwa namba ni ya kazi gani. Kwetu Tanga mtu akikuuliza jambo kwa upole humrudishi kwa ukali, basi namba ikaingia kwenye daftari la duka, na kutoka kwenye daftari ikaingia kwenye mashine.

Kesho yake asubuhi simu ikalia. "Shikamoo mama yetu kipenzi! Umeamkaje leo?" Chini ya salamu ilikuwepo picha ya godoro la futi sita kwa sita lenye maua ya zambarau.

Simu ile ni zawadi ya dada yangu anayefanya kazi Muscat. Macho ya Mama hayawezi tena herufi ndogo, kwa hiyo ndugu na mashoga zake humtumia ujumbe wa sauti. Maandishi husomewa na mjukuu wake, binti yangu wa darasa la sita, ambaye pia humwandikia majibu kama Bibi anavyotamka. Siku ile jibu lilikuwa refu. "Marahaba mwanangu. Nimeamka salama, alhamdulillah, ila magoti ndiyo yananisumbua kidogo. Na nyie hapo dukani hamjambo? Wazee wako wazima?" Hata hajaiweka simu chini, likaja jibu: "Asante kwa kuwasiliana nasi! Andika 1 kuagiza. Andika 2 kuona picha zaidi. Andika 3 kuongea na mhudumu."

"Namuuliza wazee wake, ananijibu hesabu," Mama akaniambia. "Mtoto huyu ana nini?"

Nikamweleza kwamba hapana mtoto, ni programu iliyopangwa kumwamkia kila mwenye namba kwenye orodha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kama si mtu, shikamoo yake ya nini?"

Swali hilo ninalo mpaka leo. Wangetuma bei peke yake, Mama angeiangalia akaiacha. Wametuma salamu, na salamu kwa mtu aliyelelewa alivyolelewa yeye haiachwi bila kujibiwa. Akiiacha itamuuma mchana kutwa. Aliyetunga maneno yale ni mtu wa pwani hii hii. Alikuwa na bibi, alifundishwa kuamkia, na anajua vizuri mzee hufanya nini akiamkiwa.

Tena jibu lenyewe ndilo linalotafutwa. Katika huduma ya WhatsApp ya wafanyabiashara, matangazo hutumwa kwa violezo vilivyoidhinishwa kabla, na duka hulipia. Lakini mteja akijibu, hata kwa neno moja, dirisha la saa 24 hufunguka, na ndani ya saa hizo duka linaweza kumwandikia lipendavyo bila kiolezo. Akijibu tena, hesabu ya saa inaanza upya. Kwa hiyo kila "marahaba mwanangu" ilifungua mlango hadi kesho asubuhi, na asubuhi Mama alikuwa tayari kuufungua tena.

Zikaja ofa za Ijumaa, ofa za mwisho wa mwezi, na ofa "inayoisha leo saa sita usiku" ambayo kesho yake ilikuwa bado inaisha leo. Zikaja video za watoto wakirukaruka juu ya magodoro. Akatiwa kwenye kundi la wateja asiowajua, waliokuwa wakiulizana bei usiku wa manane. Kaka yangu akamtoa, akabadili mpangilio ili asiingizwe kundini na mtu asiye kwenye orodha yake ya majina. Mpangilio huo umekuwepo tangu mwaka 2019, lakini umewekwa ndani mno, na mtu wa umri wa Mama hawezi kuufikia bila kuongozwa. Ulinzi wa watu kama yeye ungefaa uwe wazi tangu siku simu inapowashwa.

Mama akaona ayamalize kwa uungwana. Akamwita mjukuu wake, akamwambia aandike: mwanangu, nashukuru kwa kunikumbuka, lakini godoro ninalo moja na lanitosha. Mtoto wa darasa la sita huandika moja kwa tarakimu. Jibu likaja papo hapo: "Hongera mama! Oda yako imepokelewa."

Kirikuu kilifika jioni, wingu limetanda. Dereva akapiga hodi, akashusha godoro la maua ya zambarau, akasema malipo ni baada ya kupokea. Nikamwambia hatujaagiza. Akanionesha kwenye simu yake jina la Mama, mtaa wetu wa Ngamiani, na ile oda. Akapiga dukani, wameshafunga. Tukiwa bado tunazungumza pale barazani, mvua ya masika ikashuka kwa kishindo, na nailoni ya godoro ilikuwa imechanika pembeni. Mama akatoka na ushungi wake mkononi. "Liingizeni ndani. Mali ya watu isiharibike." Akampa dereva chai na mahamri mpaka mvua ilipokatika. Kijana wa watu akashukuru, akaahidi kulifuata asubuhi.

Hakurudi. Kilichokuja asubuhi ni hiki: "Shikamoo mama yetu kipenzi! Asante kwa kupokea mzigo wako. Salio lako ni shilingi 280,000."

Nyumba za Ngamiani zina ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku. Godoro la futi sita kwa sita halina mahali pa kulala katika ukumbi kama ule, husimama, na likisimama hukata njia. Tulilisogeza likaziba mlango wa jikoni. Tukalihamisha, likaziba njia ya uani, na kwenda msalani ikawa ni kupita ubavu ubavu umelikumbatia. Usiku lilikuwa likianguka lenyewe polepole, na nyumba nzima tukaamka kulisimamisha. Nailoni hatukuthubutu kuivua, kwa kuwa lingeitwa limetumika.

Kila mgeni alilikuta pale. Godoro jipya, la sita kwa sita, lina maua, na bado limo ndani ya nailoni, katika nyumba yenye mwanamume wa makamo asiye na mke: watu wakajumlisha. Kwanza alikuja jirani kuuliza bi harusi ni wa wapi. Kisha simu kutoka Muheza, mama mdogo amechukia kwamba posa imepelekwa bila yeye kushirikishwa. Tulimweleza habari za mashine na tarakimu moja. Akasema katika umri wake hajapata kusikia kisingizio cha namna hiyo, na siku ya pili akashuka kwenye basi na khanga mbili za doti na mchele wa kuanzia. Kaka yangu, ambaye ni fundi simu na mtu wa haya, ikabidi apitie mlango wa uani muda wote mama mdogo alipokuwa kwetu. Uani nako ni kulikumbatia godoro.

Tulijaribu kulirudisha kwa njia yao wenyewe. Tuliandika 3, kuongea na mhudumu. Tukajibiwa kwamba wahudumu wote wana shughuli, na wakati tunasubiri tungependa kuona mito mipya? Namba ile ukiipigia haipokelewi. Mama alichoweza kufanya ni kuamkiwa na kudaiwa, kila siku.

Haya yote ningeyasamehe. Ambalo sijaweza kulisamehe lilitokea baadaye.

Binamu yake Mama alifariki Pangani usiku. Alfajiri jamaa wakatuma ujumbe wa sauti. Ujumbe ulifika kwenye simu, lakini haukufunguka, kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Mama alibonyeza, akabonyeza tena, akadhani ni mtandao, akaweka simu kando. Habari tuliipata adhuhuri kwa mpita njia. Tulipofika Pangani, maiti ilikuwa imeshaoshwa na kukafiniwa, na wanaume wameshaibeba. Wale wawili walikuwa wameahidiana tangu ujana wao kwamba atakayebaki ndiye atakayemwosha mwenzake. Mama alikaa matanga, akasoma, akasaidia jikoni. Hakulalamika kwa mtu yeyote, na mimi nilikuwa na hasira nisiyojua niiweke wapi.

Tuliporudi, kaka akaifungua ile simu. Kilichoijaza ni magodoro: picha na video, zile zile zikirudiwa, kila moja imejihifadhi yenyewe. Alizifuta huku akinisimulia asili ya WhatsApp yenyewe, na nilishangaa. Walioianzisha mwaka 2009 ni Jan Koum na Brian Acton, wote wawili wametoka Yahoo, kampuni iliyoishi kwa matangazo. Mwaka 2012 Koum aliandika makala kueleza kwa nini wao hawauzi matangazo, na Acton alimpa kikaratasi cha kuweka mezani kilichokataa matangazo, michezo na ujanja-ujanja. Februari 2014 Facebook ikakubali kuinunua kwa takriban dola bilioni 19. Acton aliondoka 2017, Koum 2018, na mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 2018 ndipo ilipotoka programu maalumu ya wafanyabiashara. Juni 2025 kampuni ikatangaza kwamba hata kwenye ukurasa wa status kutakuwa na matangazo.

Sisemi biashara isitumie simu. Muuza samaki wa Deep Sea hututumia sauti kwamba leo kuna changu, na tunamshukuru, maana tulimwomba. Tofauti ni ile ruhusa. Namba ya Mama ilitolewa ili apewe risiti.

Sheria ya hapa kwetu inalijua jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kumtaka anayetunza taarifa zake aache kuzitumia kumtangazia biashara, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Nikaandika barua. Jina la Mama, namba yake, tarehe ya risiti, na maombi mawili: namba ifutwe, godoro lichukuliwe. Mama akatia sahihi, akavaa baibui, akasema anakwenda mwenyewe.

Mwenye duka alitupokea vizuri. Aliisoma barua, akaisoma tena, akamwita kijana aliyewatengenezea ule mfumo. Kijana alipomwona Mama alisimama, akainama, akasema shikamoo kwa sauti yake. "Marahaba," Mama akajibu. "Wewe ndiye uliyekuwa ukiniamkia?" Kijana akasema yeye aliandika mara moja tu, mengine yalijituma. Mama akamuuliza wa nani, kwao wapi, bibi yake yuko hai. Yuko hai, Mabokweni. "Na yeye mnamtumia hizo shikamoo?" Kijana akasema hapana, namba ya bibi yake hakuitia humo.

Mama akamnyooshea simu. "Basi nitoe na mimi."

Kijana akaifuta namba tukitazama, kwenye kompyuta na kwenye daftari, na mwenye duka akagonga mhuri kwenye nakala yetu. Godoro lilichukuliwa jioni ile ile na kirikuu kile kile. Dereva alikunywa chai, na mama mdogo akarudi Muheza na khanga zake.

Barua nilikuwa nimeitoa nakala za ziada, jina la duka nimeliacha wazi. Shoga mmoja wa Mama amechukua mbili, maana yeye anaamkiwa na wauza sufuria na wakopeshaji. Kwetu duka la rangi limeanza juzi, "Habari za asubuhi mama mzazi," na Mama hajajibu; amemwambia mjukuu wake ajaze jina la duka kwenye barua, na Jumatatu tunaipeleka.