Mwongozo wa Kumstaafisha Askari wa Sukari

Nyumba nyingi zenye mgonjwa wa kisukari zina askari wake. Mara nyingi ni mke, ingawa siku hizi waume nao wamejiunga na kikosi. Unamjua: anahesabu vijiko vya sukari kwenye kikombe kisicho chake, anapekua mfuko wa shati akitafuta karatasi ya pipi, na harusini anapaza sauti kutoka meza ya tatu, "Baba watoto, hiyo soda ya nani?" Watu wanageuka. Mzee anaiweka chupa chini, anacheka kwa aibu, kisha anakwenda kuimalizia nyuma ya maturubai.

Askari huyu ana mapenzi tele. Nguvu anazozimaliza kwenye upekuzi zingeweza kuokoa maisha zikielekezwa panapotakiwa. Kwa hiyo astaafishwe leo, apewe kazi ya maana.

Kwanza, mnyang'anyeni sufuria ndogo, ile ya "chakula cha mgonjwa". Baba anapewa mchicha wa kuchemsha na kipande cha dona, huku wanawe wanakula chapati na wali wa nazi mbele yake. Nani atavumilia hivyo mwaka mzima? Nyumba nzima ile chakula kimoja: nusu ya sahani mboga, robo samaki, nyama au maharage, robo ugali au wali. Kisukari cha aina ya pili hufuata ukoo, kwa hiyo sahani hiyo inawafaa watoto pia. Na dona nayo ni wanga. Ukimjazia mlima wa dona, sukari itapanda tu.

Pili, apangiwe zamu ya usiku. Hapa mwenza anamshinda daktari, maana daktari halali chumbani humo. Anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge kama glibenklamidi, anaweza kushukwa na sukari usingizini. Shuka limelowa jasho, mikono inatetemeka, ukimwita anajibu mambo yasiyoeleweka au anafoka bila sababu. Usibishane naye, wala usidhani amelewa. Mpime. Ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, au kama kipimo hakipo karibu, mpe nusu glasi ya soda ya kawaida, au vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji. Subiri dakika 15, pima tena. Bado iko chini, rudia. Ikishapanda, ale chochote chenye wanga. Akiwa amepoteza fahamu, usimtie kitu mdomoni kabisa: mlaze ubavu, mkimbize hospitali. Ile sukari iliyokuwa ikifichwa kabatini sasa ikae kando ya kitanda.

La tatu ndilo zito kuliko soda zote za harusini, na wengi hawalitaji. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na mwanamume anaweza kupungukiwa nguvu za kiume. Mume ananyamaza kwa aibu. Mke anaamini kuna mchepuko, simu zinaanza kupekuliwa, na ndoa inayumba kwa jambo ambalo lina tiba. Mwanamke mwenye kisukari naye anaweza kusumbuliwa na fangasi za mara kwa mara na maumivu wakati wa tendo, akaonekana amemchoka mumewe. Dawa za uchochoroni achaneni nazo. Zinaweza kumdhuru vibaya mwenye ugonjwa wa moyo. Zungumzeni wawili, kisha mkamweleze daktari bila kuficha.

Zamu ya jioni ni fupi: kagua nyayo za mwenzio na katikati ya vidole. Mguu uliokufa ganzi unaweza kuchomwa na mwiba mwenyewe asijue, na kidonda kidogo kikiachwa kinaweza kuishia kukatwa mguu.

Sasa wewe askari unayesoma haya: kliniki ijayo nenda naye. Usibaki nje kwenye benchi. Ingia mpaka chumba cha daktari, uliza maswali yako yote, na mwenzio akiulizwa anaendeleaje, mwache ajibu mwenyewe.