Miti Yangu Inakua Kwenye Simu

Kila mwenye mshahara Dar es Salaam siku hizi ana ekari za misindano Mufindi, Njombe au Makete. Nyumba kapanga, gari linawashwa kwa kusukumwa, lakini miti anayo. Na mimi ekari ninazo, kupitia kampuni ambayo siitaji jina kwa kuwa bado naidai.

Ofisi yao iko mjini, ghorofani. Mti pekee uliomo humo ni wa plastiki, na unatunzwa kuliko yangu yote. Kila asubuhi unafutwa vumbi.

Mvua zikianza, naombwa hela ya palizi. Zikikatika, naombwa hela ya kufyeka barabara za kuzuia moto. Moto ukishapita, naombwa hela ya kurudishia miche. Na moto wa huko umesoma: unaacha shamba la meneja kushoto, unaacha la shemeji yake kulia, unateketeza langu katikati, tena wiki ileile tuliyopanga kwenda kuhesabu miti.

Msimamizi wa shamba hunitumia picha. “Kamwene bosi, miti inaendelea vizuri.” Kijana kasimama, mkono begani mwa msindano. Mwaka wa kwanza hakuwa na ndevu. Sasa anazo, na kitambi juu, ila msindano bado unamfikia begani.

Hayo nayameza. Lililonikaa kooni ni upunguzaji. Misindano ya mbao ikipandwa mita tatu kwa tatu, ekari inabeba kama miti 450. Ikikua inapunguzwa: iliyopinda na iliyodumaa inatoka, iliyonyooka inabaki inenepe mpaka ivunwe, miaka 15, 20, hata 25. Bwana miti yeyote atakwambia hivyo. Kwangu wameondoa iliyonyooka! Iliyobaki haitoi mbao, labda mikongojo, ambayo kwa mwendo huu nitaihitaji kabla ya mavuno. Nikauliza ile iliyokatwa imekwenda wapi.

“Imeozea shambani, bosi.”

Mafinga kumejaa viwanda vya plaiwudi vinavyonunua magogo, hata ya miti michanga, malori yanapishana barabarani usiku na mchana, halafu miti yangu peke yake ndiyo iliyochagua kuoza. Na kupogolea je? Nimelipia, maana matawi ya chini yakiachwa mbao inajaa vifundo. Kwenye picha matawi yanafagia ardhi. Eti picha ya zamani. Na ndevu?

Mke wangu, Mama Neema, anasema tuuze. Tuuze nini? Nilipodai hati ya kimila na muhtasari wa halmashauri ya kijiji, nilipewa kalenda ya kampuni. Ya rangi, nzuri sana, imepambwa na msitu wa watu wengine.

Jumamosi tuliitwa kikao, wawekezaji wote. Nilikwenda na maswali yangu kwenye karatasi. Meneja hakutupa nafasi. Akasimama na tai yake akatangaza kwamba mbao zimepitwa na wakati, sasa tunakwenda kuuza hewa ukaa. Miti yenyewe hatujawahi kuigusa, leo tunauza hewa yake. Tunachotakiwa kutoa ni mchango mdogo tu wa mtaalamu wa kuipima.

Nikanyoosha mkono, nikauliza kama ekari zilizoungua nazo zina hewa.

Akaniambia hizo ndizo zinazochangia mara mbili, kwa sababu ya moshi.