Sifa za Mashine Isiyotaka Kuwaka

Julai, saa moja asubuhi, Njombe huvaa makoti mawili. Katika shamba la misindano nje kidogo ya mji, vijana watatu wameizunguka chensoo kama ndugu waliomzunguka mgonjwa. Mmoja anavuta kamba. Mashine inakohoa. Anavuta tena, safari hii haitoi hata kikohozi. Mwenye shamba anauliza, "Vipi, fundi?" Anajibiwa kwa heshima zote, "Inakuja, mzee."

Haiji.

Watu wa haraka wangeitukana. Haki yake ni sifa, tena zimechelewa. Injini ndogo ya petroli, hii ya tustroki, yaani ya mipigo miwili, imeufaa mkoa huu kwa kugoma kuliko mashine nyingi zilivyoufaa kwa kuchapa kazi.

Tazama kwanza inavyokusanya watu. Ikiwaka, inamtaka mtu mmoja tu, na kelele zake huwafukuza wengine wote. Ikigoma, nusu saa haiishi baraza limeshakaa: mwenye mashine, msaidizi wake, mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya miwati, dereva wa bodaboda ambaye kwake kila tatizo la dunia ni plagi, na bibi mwenye kikapu cha viazi anayesema "Kamwene" na kubaki kusikiliza. Mikutano mingi ya kijiji haipati akidi upesi namna hiyo.

Plagi hufunguliwa hadharani. Fundi huipangusa kwa pindo la koti, akaiinua kwenye mwanga na kuisoma polepole, kama mtu asomaye barua ya posa. Ikiwa nyeusi na imelowa, mashine imekunywa kupita kiasi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa iliyokolea, plagi haina kosa na lawama zihamie kwingine. Ikiwa nyeupe kama majivu, inakunywa kidogo mno na pistoni iko hatarini. Baada ya hapo huwekwa kwenye makaa ikauke, na hapo ndipo chai huchemshwa, maana moto umeshawashwa. Kifungua kinywa cha siku hiyo ni zawadi ya kabureta.

Kisha jiografia. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban sehemu moja ya tano. Chensoo iliyosetiwa Kariakoo ikipanda huku inaendelea kumwaga petroli ileile kwenye hewa iliyopungua: inalewa, inatoa moshi, inamisi. Dawa yake ni bisibisi na ile skrubu yenye herufi H, ikazwe kidogo, robo mzunguko au chini ya hapo. Lakini aliyeikaza Njombe akashuka nayo pwani bila kuilegeza, pistoni itakwanguka. Shuleni kanieneo ya hewa hufundishwa kwa mchoro ubaoni. Chensoo huifundisha kwa kamba, na ada yake ni seti ya ringi.

Ni mkaguzi wa mafuta pia, na haijawahi kudai posho. Mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili wachakachuaji wakose faida. Tustroki ilikuwa ikikagua zamani. Ipe petroli ya kwenye chupa ya maji iliyokaa juani wiki tatu, uone itakavyokujibu. Oili yake haikai kwenye kitako cha injini bali huchanganywa na petroli yenyewe. Mashine nyingi za sasa zinataka mililita 20 kwa lita. Kijana hupima kwa kizibo na kwa macho. Akizidisha, plagi inaziba. Akipunja, injini inanoki, na hapo hakuna rufaa.

Ukoo wake si wa kubezwa. Mwingereza Joseph Day alipata hataza ya muundo huu wa tustroki mwaka 1891. Wajerumani wakaupeleka msituni: Emil Lerp akajaribu msumeno wake wa petroli kwenye mlima Dolmar mwaka 1927, na Andreas Stihl akafuata na wa kwake mwaka 1929. Ndani yake sehemu kubwa zinazotembea ni tatu tu: pistoni, konrodi na krenki. Mnunuzi akisikia hivyo hudhani kwamba sababu za kugoma nazo ni tatu.

Na imeruka. Pacha wa Marekani, Walter na William Good, waliirusha ndege yao ya mfano, Guff, kwa redio mwaka 1937. Baadaye wapenzi wa mchezo huo wa ndege za mfano wakaanza kuchomoa injini za misumeno na za mashine za kukatia nyasi na kuzifunga kwenye ndege zao. Sababu ni kabureta ileile ya Njombe. Ndani yake mna utando mwembamba, unaokaribia ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, unaovuta petroli hata mashine ikiwa ubavuni au miguu juu. Utando ukikakamaa, mkata mbao na mrusha ndege wanapatwa na msiba mmoja. Siku ya kurusha ndege hizo, huko zinakorushwa, ni dakika kumi angani na mchana mzima wa kupiga magoti nyasini na bisibisi. Mji jirani wa Makambako ungewafaa kwa uwazi wake, ila upepo wa pale una mambo yake, na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, nayo ingetaka kibali kwanza.

Anayesema injini ndogo haiwezi, akumbuke mwaka 2003. Ndege ya mfano ya mzee Maynard Hill, yenye uzito usiofika kilo 5, ilitoka Newfoundland ikatua Ireland baada ya saa 38 na ushei, zaidi ya kilomita 3,000 juu ya Atlantiki. Nyingine zake kadhaa zilishapotelea baharini. Ni kweli injini ile ilikuwa ya mipigo minne, yaani binamu mpole wa ukoo huu, lakini sifa za ukoo hugawanwa.

Sasa zinakuja za betri, misumeno kwa ndege, za kubonyeza tu. Hazina kamba wala plagi, na baraza halikai. Anayezitaka na anunue. Ila ile ya zamani asiitupe: aishushe Makambako, kilomita 60 tu kutoka Njombe, awaulize mafundi. Kabureta yake bado inatafutwa.