Jahazi, Mashua na Kamati ya Sangailu

Mwisho wa mwaka 2022 vuli ilipita kavu, msimu wa tano mfululizo bila mvua ya maana, na silanga la Sangailu likabaki tope lililopasuka. Wanyama wakaketi baraza chini ya mgunga. Kwenda Tana kwa miguu hakukuwezekana, maana simba walikuwa wameilalia njia ya Ijara. Ndipo Korongo akaleta habari kutoka pwani: huko Kiunga vyombo viwili vya tanga vimetia nanga, jahazi na mashua, na kaskazi imeshaanza kuvuma. Atakayepanda atashushwa na upepo hadi Kipini, Tana inapoingia baharini, penye majani mabichi. Maji ya kunywa yaliyosalia yalitosha chombo kimoja tu. Baraza lichague.

Kamati ikaundwa kabla jua halijageuka. Fisi alijipa uenyekiti na posho ya mifupa, Nyani akawa katibu, Ngamia na Punda wakawa wajumbe. Mama Hirola aliongezwa mwishoni kwa sababu ukoo wake duniani kote haufiki mia tano, na kamati isiyo na hirola hainogi machoni pa wageni.

Wakaukata msitu wa Boni hadi Kiunga. Pale ufukweni walimkuta Bibi Kasa, ambaye hutaga mayai katika mchanga ule na huvijua vyombo kuanzia mkuku, kwa kuwa huvitazama kutoka chini.

Jahazi lilikuwa na urefu wa mikono arobaini, hanamu limesimama wima, macho mawili omoni, tezi imeinuka. Lilijengwa kubeba boriti za mikoko, biashara iliyovunjika mwaka 1982 serikali ilipopiga marufuku kuzipeleka ng'ambo. Mashua ilikuwa mikono kumi na sita, wazi, haina hata kivuli. Fisi alipanda tezini akajilaza kuipima. Nyani alikwea mlingoti akaandika: mrefu.

Mama Hirola alibaki mchangani. “Bibi, wakati wa kugeuza tanga, nani hushika nini?”

“Foromali la jahazi lile ni zito, mwanangu,” akasema Kasa. “Ukitaka kuligeuza, foromali husimamishwa sambamba na mlingoti, likapitishwa mbele yake, na demani ikahamishiwa upande wa pili, huku tanga linapigapiga kama lina wazimu. Pale pataka mabaharia kumi wanaosikilizana. Mashua, wanne wanatosha, na mmoja wao akiwa mtoto.”

“Na maji?”

“Hakuna chombo cha mbao kisichovuja. Mianya huzibwa kwa kalafati ya pamba, chini hupakwa deheni, na bado ngama haikauki. Jahazi lina mianya mingi zaidi, basi wafuaji nao wawe wengi, tena kwa zamu. Mashua ina tabu yake: nje ya miamba mawimbi huirukia, utalowa kutwa nzima, mahali ambapo jahazi hutulia. Lakini mkifika Mkanda, kati ya Manda na bara, mashua hupita maji yakiwa nusu. Jahazi lililosheheni hungoja yajae, na siku za maji mafu huenda lisipite kabisa.”

Mimi nalipenda jahazi. Sijaona kitu kilichotengenezwa kwa mbao kikapendeza kama tanga lake likijaa upepo, na simlaumu aliyevutiwa nalo. Linaloniuma ni kwamba ripoti iliyosomwa Sangailu ilitaja urefu, tezi na macho, na wale mabaharia kumi hawakuwamo.

Baraza likashangilia, likachagua jahazi. Mama Hirola akasimama. “Abti Ngamia, wewe mashua haikutoshi, hilo nalijua. Ila nitajieni kumi watakaoshika kamba.”

“Watapatikana humo humo safarini, shangazi,” akajibu Fisi.

“Mwaka 1963 jamaa zangu walipakiwa wakapelekwa Tsavo. Hawakuulizwa. Mimi leo nimeulizwa, ndiyo maana nauliza.”

Hakujibiwa. Akaomba fungu lake la maji, akaondoka na Punda na digidigi wawili kuifuata mashua.

Jahazi lilitangulia kwa siku moja. Kufikia adhuhuri tezi ilikuwa imejaa: mwenyekiti, makamu wake, makamu wa makamu, katibu, na Korongo aliyesema anatazama mbali kwa niaba ya wote. Ngama ikapanda. Kila aliyetumwa ndoo aliuliza zamu ya kwanza ni ya nani. Kugeuza foromali hawakujaribu hata mara moja. Walikwenda popote upepo ulipowasukuma, tumbo limejaa maji, hadi Mkanda. Wakaingia siku ya maji mafu, wakakwama katika tope katikati ya mikoko.

Wakafanya kikao. Ajenda ilikuwa kina cha Mkanda, na nani alaumiwe kwa kina hicho.

Asubuhi ya pili mashua ikawafikia, Punda ameshika usukani, digidigi wakifua maji kwa kata, wote wamelowa hadi masikioni. Wangeweza kupita. Mama Hirola akaamuru tanga lishushwe, akapanda jahazini, akaitazama ngama.

“Bamvua haiko mbali,” alisema. “Mizigo ishuke, mashua iipeleke kwa mafungu hadi ufukweni Manda. Maji yafuliwe usiku na mchana. Jahazi likiwa jepesi litaelea.”

Wa kwanza kuinuka alikuwa Ngamia. Alitia shingo kwenye kamba ya nanga, akauliza foromali linasimamishwa kutoka upande gani. Twiga akamfuata, kisha ngiri, kisha swala wote. Punda akawapanga kwa zamu, wanne ngamani, kumi kwenye foromali, na kabla ya jua kuzama walikuwa wameligeuza mara tatu chombo kikiwa kimesimama, kwa mazoezi tu.

Fisi aliandika barua ya kudai posho ya siku za kukwama, akazunguka nayo akitafuta wa kuipokea. Twiga alimwomba asikanyage demani.