Leza ya Damu ya Mzee

Siti za Noah yangu zilianza kuniaibisha siku mwalimu mmoja aliposhuka Namanyere na kipande cha sponji kimemganda nyuma kama mkia wa sungura. Alilipa nauli, akaniaga kwa heshima, akaenda zake benki hivyo hivyo. Nilimwona, nikanyamaza.

Gari lenyewe lina haki ya kuchakaa. Miaka sita linapanda na kushuka mlima kati ya Kirando na Namanyere, limebeba watu, madumu, migebuka na dagaa, mara nyingine vyote kwa pamoja. Dagaa ni kitoweo kizuri lakini ni abiria mbaya. Anashuka yeye, harufu inabaki mpaka mwaka uishe.

Nikapanda Sumbawanga kwa fundi makochi. Akalizunguka gari, akaguna, akataja laki nne. Nikamwambia nitarudi. Wote wawili tulijua maana ya neno hilo. Nikaenda dukani nikanunua leza, rangi ya damu ya mzee, nikashuka nayo ziwani nikijipiga kifua: mama watoto ana cherehani, simu ina video, mimi nina mikono. Kipi kimekosekana?

Kilichokosekana kwanza ni akili ya kutazama mwezi. Nilianza kazi wiki ya mbalamwezi. Kwa msomaji asiye wa ziwani: dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukijaa, taa ya mvuvi haina kazi, na mvuvi mwenyewe hana kazi. Basi Kirando yote ikapata nafasi ya kuja kunitazama nikishona. Watu ambao usiku wa giza hata salamu wanakutupia wakikimbia, sasa wanakuja na vigoda vyao barazani kwangu.

Sindano ya kwanza ilivunjika kabla sijafika shubiri moja. Ilikuwa namba 14, ya kushonea vitenge. Leza inataka namba 18. Nilijua hilo baada ya kuvunja ya tatu, maana mwalimu wangu wa kwenye simu, mzungu mmoja mwenye ndevu, alilisema dakika ya 11, na bando langu lilikata dakika ya 9. Shemeji, aliyezaliwa kwenye nyavu, akaushika uzi wangu wa pamba kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota mjusi. Akasema jua la huku litauozesha. Akaniletea uzi wake wa nailoni wa kushonea nyavu. Uzi wa maana, unavuta mtumbwi. Haupiti tu kwenye tundu la sindano.

"Basi hilo tundu ndilo bovu," shemeji akasema, akarudi kwenye kigoda chake.

Halafu leza yenyewe haina msamaha. Kitenge ukikosea unafumua, unapiga pasi, yamekwisha. Leza ukifumua, matundu yanabaki palepale yanakukodolea macho. Ukirudia mshono mara tatu kwenye mstari uleule, umeshaigeuza karatasi ya stempu. Ukiivuta kidogo inachanika, tena inachanika kwa mstari ulionyooka kuliko wowote uliowahi kuushona wewe. Ndiyo maana hushonwa kwa hatua ndefu, si zile za karibukaribu za sketi ya shule. Na inanata! Kile kiguu kinachokandamiza kitambaa kinagoma kuteleza juu yake, sindano inapiga palepale, chini uzi unajisokota kama kiota cha ndege. Mashine za mafundi wa ngozi zina kiguu kinachotembea pamoja na kazi. Cha mama watoto kimesimama kama mgambo. Mwishowe nikatandika ukanda wa gazeti juu ya leza, nikashona vyote pamoja, nikalichana gazeti baadaye. Ilikubali, ila kuna pindo moja ambalo mpaka leo unaweza kusoma nusu ya matokeo ya Simba. Abiria wa Yanga wananiuliza nusu ya pili iko wapi.

Mzee mmoja alikuwa amekaa kimya siku mbili nzima, nikamdhania mtu mwema. Siku ya tatu akakohoa.

"Mwanangu, babu zetu Wafipa walilima pamba, wakaisokota, wakafuma nguo wenyewe. Chuma waliyeyusha kwenye malungu, matanuri ya udongo marefu kuliko mtu. Wewe nguo umeikuta tayari, sindano umeikuta tayari. Umeshindwa kuvikutanisha tu?"

Baraza likaangua kicheko mpaka kuku wakakimbia. Mama watoto naye alicheka, na ndiye mwenye sare za watu zilizokwama kwa sababu ya cherehani yake.

Kuvua kava kuukuu ndiyo sehemu pekee niliyoifanya vizuri. Chini ya sponji nilikuta sarafu, kitana, na kichwa cha mgebuka kilichokauka kikinitazama kama mdai. Pete za chuma zilizobana kava kwenye fremu nilizikata kwa koleo, nikaweka baindingi waya badala yake. Ncha mbili za waya huo zilitazama juu. Wateja wangu wawili wanaweza kueleza zaidi.

Fundi hufumua kava ya zamani, anailaza juu ya leza, anaichora na kuongeza sentimita moja ya mshono pande zote. Nami nilifanya hivyo. Ila kava ya dereva ilikuwa imebaki nyuzi, haichoreki, nikasema siti ni siti tu. Nikaichora ya abiria mara mbili, zote uso juu, nikakata, nikashona siku nne. Siku ya tano nikagundua kwamba siti ni kama viatu. Sikuwa nimegeuza.

Siti ya abiria sasa inang'aa, na saa saba za mchana wa Kirando inaunguza mapaja ya watu, lakini inang'aa. Mimi dereva nimekalia gunia.

Kwa hiyo mwenye Noah ya rika la yangu, anayehitaji kava ya siti ya kushoto, rangi ya damu ya mzee, haijatumika, apite Kirando aulize gari lenye gazeti. Bei ni kilo mbili za dagaa wakavu. Aje nao kwa gari lake.